Mama Barua Mbele ya Ubao

Jokofu la tatu kutoka ukutani halikuwa na mlango, na kwa sababu hiyo Mama Barua alilichagua liwe mwanafunzi mkorofi. Alilinyooshea kipande cha chaki. "You," alisema, kisha akanyamaza, kwa kuwa sentensi yote iliyobaki ilikuwa imemtoka kichwani kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Yalikuwa majokofu sita, yote mabovu, yamepangwa uani yakisubiri zamu yao ya kufunguliwa na mumewe, fundi wa majokofu. Tangu saa tisa alasiri Mama Barua alikuwa akiyafundisha wakati uliopita. Alikuwa ameyaamkia, ameyauliza jana yalifanya nini, ameyasahihisha. Kila alipofika dakika ya tatu, mate yalimkauka.

"Lile la mwisho limeelewa," alisema mumewe kutoka mlangoni, kikombe mkononi. "Nimeliona likitikisa kichwa."

"Wewe bwana, niache."

"Nakuacha. Ila ukimaliza kulifundisha, lifundishe na kugandisha. Wiki ya pili hii nalibembeleza."

Siku nyingine angecheka. Siku hiyo aliinama akaokota karatasi zake, akaangalia tena pale alipokwisha kuangalia mara ishirini. Utangulizi, dakika tatu. Maarifa mapya, dakika nane. Mazoezi, dakika saba. Majumuisho, dakika nne. Hitimisho, dakika tatu. Jumla ishirini na tano, na keshokutwa saa nne asubuhi angetakiwa kuzijaza zote kwa sauti yake mwenyewe, mbele ya watoto asiowajua na watu watatu wenye kalamu.

Jina la Mama Barua alipewa na mtaa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mchapaji kwenye kibanda cha steshenari kilicho nyuma ya posta, na hapakuwa na nyumba pale mtaani ambayo haikuwahi kupeleka shida yake kwake ikarudi imechapwa kwa Kiingereza safi. Barua za kuomba kazi, za kuomba ruhusa, za kuomba radhi kwa bosi aliyetukanwa. Mtu alikuja akaeleza kwa Kiswahili, mara nyingine kwa machozi, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha vidole vikaanza kukimbia. Ilisemekana barua ya Mama Barua haikuwahi kurudishwa kwa kosa la herufi.

Lakini mwezi uliopita bosi wake alimwita pembeni, akasema mashine zinauzwa. "Siku hizi kila mtu ana barua zake kwenye simu, dada yangu," alisema, akitazama viatu vyake. Asubuhi iliyofuata, katikati ya barua mbili za wateja, Mama Barua alichapa ya kwake ya kuomba kazi ya ualimu wa Kiingereza, akaituma kabla hajapata nafasi ya kuogopa. Tangu ajibiwe kwamba aje afundishe kipindi kimoja cha usaili, nafasi ya kuogopa alikuwa nayo tele.

Cheti cha ualimu alikuwa nacho. Alikisomea jioni, miaka sita iliyopita, na kilikuwa kimelala chini ya mashuka kabatini, hakijawahi kuonyeshwa mtu. Kilichokilaza humo kilikuwa kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha. Alisimama mbele ya kidato cha pili, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Si kwamba ilitoka ndogo, haikutoka kabisa. Alisimama hivyo dakika nne, huku wanafunzi wakianza kucheka chinichini, kisha juujuu, mpaka msimamizi alipoinuka akamwambia akakae. Alifaulu kwa sababu ya maandishi yake. Kwenye fomu msimamizi aliandika maneno matatu tu: sauti haifiki nyuma. Aliyasoma mara moja, akayajua kwa moyo.

*

Jumapili baada ya chakula cha mchana, darasa lilihamia sebuleni. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao tangu magoti yaanze kumsumbua, alikaa kwenye kochi amevaa viatu, maana alisema haendi shule pekupeku. Mume alikaa sakafuni. Binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, alishika daftari na kalamu kwa ajili ya kuandika makosa.

"Good afternoon, class," alisema Mama Barua.

"Yes, teacher," alijibu mama mkwe kwa sauti kubwa.

"Mama, hapo unajibu 'good afternoon'."

"Mimi nimesoma miaka miwili tu, na miaka yote miwili tulijibu hivyo. Endelea, mwanangu."

Aliendelea. Alieleza jinsi neno linavyoongezwa mkia likawa la zamani. Mumewe akanyoosha mkono, akaomba kwenda nje. Akakataliwa. Binti akaandika kitu kwenye daftari, akaandika tena, na kila kalamu ilipogusa karatasi Mama Barua alihisi kama imemgusa shingoni.

"Umeandika nini?"

"Tumalize kwanza, mama."

"Niambie sasa."

Binti alisoma daftarini. "Umesema 'laughed' kama 'laf-ed'. Wanasema 'laft'. Ile 'e' haisomwi."

"Neno hilo nimelichapa mara elfu."

"Kulichapa sawa. Mimi nasema kulitamka."

Mama mkwe, ambaye hakupenda mabishano ndani ya nyumba, akakohoa. "Mwalimu, mimi nina swali. Hiyo 'yesterday' ni jana peke yake, au na juzi imo?"

"Ni jana tu, mama."

"Na mambo ya zamani zaidi yanaitwaje? Maana mimi jana sikufanya kitu. Mambo yangu yote ni ya zamani."

Mume alicheka, hata binti akacheka. Mama Barua alifungua mdomo kujibu, na jibu alikuwa nalo, jepesi kabisa. Angelichapa amefumba macho. Halikuja. Aliwaona wote watatu wakimtazama, watu wake mwenyewe, waliompenda, na akawaona kama kidato cha pili. Aliweka karatasi juu ya meza akaenda jikoni.

Binti alimkuta ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili, bomba likimwaga maji bure.

"Mama, unaogopa nini hasa? Kiingereza unakijua kuliko walimu wangu."

Mama Barua alifunga bomba. "Kwenye mashine nikikosea nafuta," alisema. "Nafuta kabla mwenye barua hajaona, na hakuna atakayejua milele kwamba nilikosea. Mdomo hauna kitufe hicho."

Binti alisogea kando yake. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta vyombo vilivyokuwa vimekauka tayari.

*

Siku yenyewe aliamka mapema. Chai ilimshinda. Mumewe alimpigia pasi blauzi, kazi ambayo hakuwa hodari nayo, akaacha mkunjo mmoja mgongoni ambao hakuuona, na hakuna aliyemwambia. Mlangoni mama mkwe alimshika mkono akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Una mikono ya baridi," alisema, basi.

Alikwenda kwa miguu ili apoteze muda, akafika mapema mno. Shule ilikuwa majengo mawili ya ghorofa yaliyotazamana, katikati pana uwanja wa saruji. Karani alimwonyesha benchi nje ya darasa la kidato cha kwanza. Alikaa, manila aliyoichorea jedwali la vitenzi ameikunja magotini, na ndipo akasikia kupitia ukutani kwamba ndani somo linaendelea. Sauti ya kijana wa kiume, nzuri, ya kujiamini, ilikuwa ikiuliza, na darasa zima likijibu kwa pamoja. Walicheka. Akauliza tena, wakacheka zaidi. Alitega sikio, na moyo ukamshuka: alikuwa mwombaji mwenzake, akifundisha mada ile ile, wakati uliopita. Kila mfano alioutoa ulikuwa mzuri kuliko wa kwake.

Mawazo ya kuondoka yalimjia kwa upole, kama mtu anayemshauri kwa nia njema. Lango lipo pale. Karani ameinama, hatamwona. Mumewe hatauliza mengi. Aliinuka kabisa, akapiga hatua mbili kuelekea uwanjani, na mlango ukafunguliwa.

Kijana alitoka anafuta paji la uso kwa leso. Alimwona na manila yake, akatabasamu kwa wema. "Ni watoto wazuri, mama, usiwe na wasiwasi," alimnong'oneza. "Ila yule binti wa dirishani, safu ya tatu, hasemi. Mimi nimempa nafasi, akanitazama tu, nimepoteza dakika nzima. Wewe mruke."

"Ahsante," alisema Mama Barua. Neno lilitoka kama pumzi.

Ndani mlikuwa na watoto arobaini na wawili. Nyuma kabisa, kwenye viti vilivyoletwa kutoka ofisini, walikaa wale watatu: mkuu wa shule, mwanamke wa makamo aliyefunga mikono kifuani; mwalimu wa taaluma, mwanamume mwembamba mwenye miwani, simu mbele yake ikihesabu dakika; na mwalimu wa darasa hilo, bado msichana, ambaye alionekana amechoka.

"Good morning, class."

"Good morning, teacher." Mabenchi yakaburutwa, wakaketi.

Na hapo, kama alivyojua tangu mwanzo, kila kitu kikaondoka. Utangulizi, dakika tatu: ulikuwa na nini? Nyuso arobaini na mbili zilisubiri. Kijasho chembamba kikamtelemka mgongoni. Alisikia mtoto mmoja akivuta kamasi, akasikia kalamu ya mwalimu wa taaluma ikianza kuandika, na akajua inaandika nini. Aligeuka akatazama ubao, si kwa mpango wowote, ila kwa sababu ubao hauna macho. Mkono ukainuka wenyewe. Mkono ulikuwa na miaka kumi na moja ya ujasiri ambao mdomo haukuwahi kuwa nao, nao ukaandika neno moja, kubwa, herufi zimenyooka kama zimechapwa: Yesterday.

Alipogeuka, nusu ya sauti ilikuwa imerudi. Ilitosha.

Aliwaambia kila mmoja aseme sentensi moja, jana alifanya nini, akaanza na safu ya kwanza kwa kuwaonyesha kidole mmoja mmoja. Mmoja jana alicheza mpira. Mwingine jana alifua shati. Mwingine alikosea, akamsahihisha, akarudia sawasawa. Safu ya pili. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ilikwenda. Alikuwa akiyahesabu madawati badala ya watoto, kwani madawati hayakumtisha, na ndiyo maana kidole chake kilikwisha kuelekea dirishani, safu ya tatu, kabla hajakumbuka alichoambiwa.

Hakujua namna ya kukirudisha kidole.

Binti alikuwa mdogo kwa umri wa darasa lile, sweta limemzidi mikono. Alisimama taratibu. Kijana mmoja wa nyuma akaguna, kama mtu anayejua filamu hii inakoishia. Mama Barua alitaka kusema kaa, basi, lakini neno la Kiingereza la kukaa lilikuwa limepotea pamoja na mengine.

"Yesterday," alisema binti.

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Yesterday my mother die."

"Died," alisema mtoto mmoja nyuma, kwa haraka ya mtu anayejua jibu. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu wa darasa alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti. Mwalimu wa taaluma alimtazama Mama Barua juu ya miwani, kalamu imesimama. Na Mama Barua alijua andalio lake la somo linasema nini mahali hapo, maana alilichapa mwenyewe: kosa lisahihishwe papo hapo.

Kule kibandani walikuja pia watu wenye barua za msiba, na kwa hao alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Aliondoa mikono kwenye kibodi. Hakuigusa mashine mpaka mtu amemaliza, hata foleni iwe imefika barabarani. Sasa, bila kufikiri, aliiweka chaki mezani. Alipita kati ya madawati akafika dirishani, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Pole, mwanangu," alisema. "Ilikuwa jana kweli?"

Binti alitikisa kichwa. "Ilikuwa wakati wa likizo," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. "Lakini mwalimu umeandika jana."

"Ni kweli. Nimeandika jana." Mama Barua alikaa kwenye ukingo wa benchi, mtoto aliyekaa jirani akasogea kumpa nafasi. "Ningeandika neno jingine. Mama alikuwa mtu wa namna gani?"

Binti alifikiri. Alitazama nje, kisha akamtazama yeye. "Alikuwa anashona. Nguo za shule, za watu. Na alikuwa anacheka sana. Hata peke yake akishona, anacheka."

"Tuwaambie wenzako kwa Kiingereza?"

Binti aliinamisha kichwa kukubali.

Hakurudi ubaoni. Kutoka pale pale alipokaa aliliuliza darasa, nani atamsaidia mwenzetu, na mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, ya wale wa mbele kwanza, kisha hata yule aliyefunika mdomo. Mama alishona. Wakalitafuta, wakalipata. Alishona sare. Alicheka; hapo Mama Barua alilitamka, na akalitamka vibaya, kama Jumapili, akalisikia mwenyewe likitoka vibaya likaenda mpaka kwenye viti vya nyuma.

"Samahani," aliwaambia watoto. "Nimekosea. Nasema tena." Akasema tena. Darasa likarudia nyuma yake, watoto arobaini na mmoja, na baada yao mmoja peke yake, ambaye alizisema sentensi zote tatu kwa mfululizo amesimama wima, mikono ya sweta imefunika vidole. Alipofika mwisho aliongeza ya nne, ile aliyoanza nayo, imenyooka sasa. Kisha akakaa.

Simu ya mwalimu wa taaluma ililia. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimekwisha, na manila ilikuwa bado imekunjwa juu ya meza.

*

Ofisini walimkalisha mbele yao watatu.

"Andalio lako lina hatua tano," alisema mwalimu wa taaluma. "Nimehesabu umefanya moja na nusu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Umeongea Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza. Umekosea matamshi mbele ya darasa. Umeanza kwa kukaa kimya, nimepima, sekunde hamsini." Hakusema kwa ubaya, alisema kama fundi anayetaja vifaa vilivyokosekana. "Kulikuwa na sababu?"

Alikuwa ameandaa majibu kumi na mawili ya usaili, kayachapa, kayakariri. "Niliogopa," alisema. "Naogopa hata sasa."

Mkuu wa shule alifungua mikono aliyokuwa amefunga kifuani. Lakini aliyesema alikuwa yule mwalimu msichana, naye hakumtazama mtu. "Mtoto yule amehamia kwetu mwanzo wa muhula. Shangazi yake ndiye aliyemleta, akasema tu wamehama. Wiki ya saba hii." Alimeza mate. "Nilikuwa nimemwandikia kwenye ripoti kwamba ni mkaidi."

Mkuu wa shule alimshukuru Mama Barua kwa kuja, akamwambia watampigia.

Walimpigia Alhamisi, yuko kibandani anachapa moja ya barua za mwisho. Mkuu wa shule alisema jopo halikukubaliana: wawili kwa mmoja, na huyo mmoja amesisitiza kutokubali kwake kuandikwe. Yule kijana angepewa vidato vya juu. Yeye angechukua kidato cha kwanza, kwa majaribio, muhula mmoja, na mwalimu wa taaluma angeingia darasani kwake kila wiki akae nyuma. "Utaweza?" aliuliza.

"Sijui," alisema Mama Barua. "Nitakuja."

Nyumbani mumewe alipiga kofi mlango wa jokofu kwa furaha, binti akamkumbatia, mama mkwe akasema "yes, teacher" hata kabla ya kuulizwa. Yeye alicheka nao. Kisha akaenda chumbani, akakaa kitandani, akagundua kwamba hofu haikuwa imeondoka hata kidogo. Ilikuwa imeongezeka. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimegeuka muhula.

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano, alisimama nje ya mlango wa kidato cha kwanza na kitabu cha mahudhurio kwapani. Ndani palikuwa na zogo. Aliposhika kitasa kiganja chake kiliteleza kwa jasho, akakifuta kwenye sketi, akashika tena. Zogo likakatika. Mabenchi yakaburutwa, wakasimama wote, na nyuma yao, kwenye kiti cha ofisini, mwalimu wa taaluma alikuwa tayari amefungua daftari.

Aliwaketisha. Macho yake yalikwenda dirishani kabla hajayaruhusu. Nafasi ya yule binti ilikuwa wazi.

Alianza kuita majina. Sauti ilikuwa nyembamba, na kila jina lilijibiwa. La kumi na sita likajibiwa. Alilitamka la kumi na saba, la yule wa dirishani, akasubiri, akalitamka tena. Mwalimu wa taaluma aliinua kichwa. Watoto wakatazamana. Mama Barua aliinua kalamu kuweka alama ya asiyekuwepo, na ncha yake ikabaki hewani, juu ya mraba mdogo mweupe, maana mbali huko mwisho wa korido alisikia viatu vya mtu vinakimbia, na hakuweza kujua bado kama vinakuja upande wake.